Nusu ya Robo Tatu

Nyanchama alikuwa na dakika kumi na mbili. Ndizo zilizobaki kila asubuhi kati ya kufika shuleni na kengele ya kwanza, na kwake zilitosha kabisa. Alizunguka nyuma ya darasa la Gredi ya Saba, akamkuta Ladan ameketi kwenye msingi wa ukuta, akanyoosha mkono bila hata kusalimia.

"Daftari," alisema.

"Habari ya asubuhi na wewe pia," Ladan alimjibu. "Leo kuna hesabu za sehemu, za kuzidisha na za kugawanya, na hazifanywi kwa njia moja. Keti nikuonyeshe. Hata dakika tano haziishi."

"Aki Ladan, si unipee tu? Utanionyesha saa ya chakula."

Ladan aliguna, akampa. Walijuana tangu wakiwa wadogo, kwa sababu mama yake Nyanchama aliuza ndizi pale Keumbu, mbele ya duka la dawa za mifugo la Warsame, baba yake Ladan. Urafiki wao ulikuwa wa kweli. Ila tangu muhula wa kwanza ulikuwa na kasoro hii moja, kwamba mmoja alifanya hesabu na mwingine akapata alama.

Nyanchama alikuwa na mkono mwepesi. Namba zilitoka kwenye daftari la Ladan zikaingia kwenye lake bila kupitia kichwani. Asubuhi hiyo ni mstari mmoja tu uliomvutia, ule ambao namba ya juu ya sehemu moja ilivuka kwenda kukutana na namba ya chini ya sehemu nyingine, na mishale ikapishana katikati. Aliupenda kwa sababu ulikuwa rahisi kukumbuka. Ilikuwa hesabu ya kugawanya, lakini hilo hakulisoma, maana kengele ilikuwa inalia.

Mchana, Mwalimu Osoro alirudisha madaftari. "Kumi kwa kumi tena, Nyanchama! Mpigieni makofi." Darasa likapiga. Ladan alipiga kwa vidole viwili tu, na saa ya chakula ilipofika Nyanchama alikuwa na mambo mengine ya kufanya.

Jioni mama yake, Phanice, alilifungua daftari hilo kama alivyofanya kila siku. Aliacha shule akiwa darasa la nne, na katika ukurasa mzima kitu alichokielewa vizuri ni ile kumi ya wino mwekundu. Ilimtosha. Alishawatangazia wauza ndizi wenzake wote, na kutoka sokoni habari zikapanda mlimani hadi kijijini. Aliyekuwa na barua ya hospitali alimletea Nyanchama aisome. Aliyetaka kujua mfuko wa mbolea utatosha vipande vingapi vya shamba alimwita Nyanchama. Yeye naye hakukataa. Barua alizisoma vizuri, na hesabu alizikisia, na kwa bahati mbaya makisio yake yalikuwa hayajawahi kumdhuru mtu.

Jirani aliyemwamini kuliko wote alikuwa bibi mmoja mjane aitwaye Nyaboke. Nyanchama alimwita Magokoro, yaani nyanya, ingawa hawakuwa na udugu wa damu. Bibi huyo alikuwa na ndama mmoja jike, na hakuwa na mnyama mwingine. Ng'ombe aliyemzaa alikufa kiangazi kilichopita, ndama akiwa na siku tisa. Magokoro alimlea kwa chupa, akizunguka nyumba hadi nyumba na kibuyu akiomba maziwa, kikombe hapa, nusu kikombe pale. Alimpa jina Mogeni, yaani mgeni, kwa sababu hakujua kama angekaa. Sasa Mogeni alikuwa amekaa miezi saba, na bibi alihesabu miaka iliyobaki kabla hajapata maziwa yake mwenyewe bila kuomba.

Nyumbani kwa kina Nyanchama pia kulikuwa na ndama wa umri uleule, dume mwekundu. Kwa desturi yao, Phanice na Magokoro walinunua chupa moja ya dawa ya minyoo na kuwanywesha ndama wote siku moja, ili dawa isiharibike na ili mmoja asimwambukize mwenzake. Basi Ijumaa ya wiki hiyo, Nyanchama alitumwa dukani kwa Warsame.

Warsame alikuwa mtu wa maneno machache na wa kurudia yale machache. Aliweka chupa juu ya meza, na kando yake kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari minane ubavuni.

"Hiki kikombe kikijaa ni moja kamili," alisema. "Ng'ombe mkubwa anakunywa robo tatu ya kikombe. Ndama wenu ni wa miezi saba, kwa hivyo anakunywa nusu ya hiyo robo tatu. Umesikia? Nusu ya robo tatu. Hii dawa ni kali, haitaki mchezo. Chupa haitaisha, itabaki mpaka mara ijayo. Nikuhesabie mistari?"

Ladan alikuwa anapanga masanduku nyuma ya baba yake. Aliinua kichwa, akamtazama rafiki yake. Nyanchama aliona macho hayo, na uso ukamwaka.

"Hapana, Baba Ladan. Tumefanya hizo hesabu jana. Nilipata zote."

"Haya. Mabruki," Warsame alisema, akaandika kwenye kipande cha karatasi: ¾ × ½. Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Jumamosi, Phanice aliondoka alfajiri na ndizi zake. "Mnyweshe ndama pamoja na Magokoro," aliagiza. "Wewe upime, yeye ashike." Saa tatu bibi alifika akimvuta Mogeni kwa kamba, na wakakutana kwenye kivuli cha mgomba kando ya zizi.

Nyanchama alitoa karatasi. Alichuchumaa, akaokota kijiti na kuandika kwenye udongo. Robo tatu, zidisha kwa nusu. Alingoja jibu lije. Halikuja, kwa sababu halikuwahi kukaa kichwani mwake. Kilichokuja ni ile mishale miwili inayopishana. Akaifuata. Tatu ikavuka ikazidishwa kwa mbili, ikawa sita. Nne ikavuka ikazidishwa kwa moja, ikabaki nne. Sita juu ya nne. Akapunguza, akapata moja na nusu, na jibu lilikuwa safi kiasi kwamba alitabasamu.

Alijaza kikombe mpaka juu, akakimimina kwenye chupa ya soda. Akapima tena nusu, akaongeza.

"Mjukuu wangu," Magokoro alisema, shingo ya dume mwekundu ikiwa kwapani mwake, "mbona ni nyingi hivyo? Mwaka jana mama yako alitia kidogo tu, chini kabisa ya kikombe."

Hapo ndipo mambo yote yangeweza kugeuka. Ingetosha kusema: ngoja, nimpigie Ladan. Nyanchama aliitazama chupa. Jambo fulani lilimsumbua, lakini hakulipa nafasi ya kujieleza.

"Mwaka jana hawakupima, Magokoro. Hesabu ndivyo inavyosema."

"Mimi sijui kusoma," bibi alisema kwa unyenyekevu. "Kama wewe umepiga hesabu, ni sawa." Akamfungua ndama mdomo.

Walimnywesha dume, kisha wakamnywesha Mogeni. Mogeni alikataa, akatema kidogo, bibi akambembeleza kwa Ekegusii, lugha yao, mpaka akameza karibu yote. Chupa ambayo Warsame alisema ingebaki mpaka mara ijayo ilikuwa imebaki matone. Nyanchama aliona, akaufunga mfuniko.

Nusu saa haikuisha. Dume mwekundu alianza kulamba midomo. Mate yakamtoka, kwanza kidogo, kisha yakawa povu jeupe lililoning'inia hadi chini. Ngozi ya mabega ikatetemeka. Alitaka kukimbia, miguu ya nyuma ikakataa, akaanguka ubavu kwenye matope ya zizi na kubaki akipiga mateke hewani. Alikuwa akihema kwa sauti ambayo Nyanchama hakuwahi kumsikia mnyama akiitoa.

"Nyasae! Nyasae wangu!" Magokoro alipaza sauti akimwita Mungu, akatoa simu yake ndogo iliyofungwa kwa mpira. Nyanchama alimpigia mama yake. Mama alimpigia daktari wa mifugo, kijana aitwaye Jasper, aliyezunguka vijiji vile na pikipiki.

Walipokuwa wakimngoja, bibi alihangaika na ndama. Nyanchama alirudi pale alipoandika. Namba zilikuwa bado kwenye udongo. Alizitazama kwa mara ya kwanza jinsi hesabu inavyopaswa kutazamwa, yaani akijiuliza zinasema nini. Nusu ya robo tatu. Nusu. Ukiwa na robo tatu ya chapati ukala nusu yake, huwezi kuwa umekula chapati moja na nusu. Hata mtoto wa chekechea anajua hivyo. Nusu ya kitu ni pungufu ya kitu hicho. Alirudia, juu kwa juu, chini kwa chini: tatu mara moja ni tatu, nne mara mbili ni nane. Tatu juu ya nane. Mistari minane kwenye kikombe, na kati yake mitatu tu. Yeye alikuwa amewapa kumi na miwili.

Alifuta namba kwa unyayo. Kisha akaichukua ile chupa tupu ya dawa, akaingia jikoni na kuisukuma nyuma ya debe la unga.

Daktari Jasper na Phanice walifika karibu pamoja, daktari kwa pikipiki, Phanice akitweta kwa kupanda mlima mbio, leso mkononi. Dume alikuwa ameacha kupiga mateke. Daktari alipiga magoti, akamfunua jicho, akamsikiliza kifua.

"Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Dawa ya minyoo," Phanice alijibu. "Binti yangu ndiye aliyepima."

"Ulimpa kiasi gani?"

Wote walimgeukia. Nyanchama aliuona uso wa mama yake, ukiwa na hofu, lakini ndani ya hofu hiyo mlikuwa na kiburi kidogo, kiburi cha zile kumi zote za wino mwekundu. Na hesabu ya kwanza ya sehemu aliyoifanya kwa akili yake mwenyewe na kuipata, akaitumia kusema uongo.

"Mistari mitatu, daktari. Nusu ya robo tatu."

"Chupa iko wapi?"

"Nilitupa chooni."

Daktari alikunja uso. "Mitatu ni kipimo sawa kabisa. Basi si dawa." Alisimama, akatazama huku na huku. "Majani haya yametoka wapi?"

Magokoro aliinua mkono polepole. "Mimi niliyakata jana. Niliyakata huko chini kwenye mpaka wa mto, nikawaletea wote wawili." Aliinama, akayapekua kwa vidole. "Kuna majani mengine siyajui. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Phanice, mwanangu, nimekuulia ndama."

"Usiseme hivyo, Magokoro," Phanice alisema, lakini naye alikuwa analia.

Daktari hakupoteza muda. Alichanganya dawa ya kuosha tumbo, dawa ya ndama aliyekula majani yenye sumu, akamnywesha dume kwa mpira. Ndama aliyeshindwa hata kumeza mate yake alikohoa mara mbili. Kifua kikainuka, kikashuka, kikainuka tena kidogo. Kisha hakikuinuka. Ilikuwa karibu saa sita. Phanice aliketi chini kwenye matope na nguo zake za sokoni.

Ndipo waliposikia kamba ikivutwa. Mogeni, aliyefungwa chini ya mgomba, alikuwa ametandaza miguu yote minne ili asianguke. Yeye alitema sehemu ya dawa, kwa hiyo sumu ilichelewa kumfikia, lakini sasa povu lilikuwa limefika. Magokoro alimkimbilia, akamkumbatia shingo, akawa anamfuta mdomo kwa kitambaa alichovua kichwani. Nywele zake nyeupe zilibaki wazi mbele ya watu, na hakujali.

"Ni majani yangu," alikuwa akimwambia ndama. "Nisamehe. Ni mimi, ni mikono yangu."

Daktari alichanganya tena dawa ileile ya kuosha tumbo. Akauchukua ule mpira. "Mshikeni kichwa," alisema.

Nyanchama alijua. Katika uwanja ule wote, yeye peke yake alijua kwamba dawa hiyo haikumfaa Mogeni, na kwamba mnyama aliyekuwa bado amesimama angeanguka kama mwenzake. Alijua pia kwamba akinyamaza hakuna atakayegundua. Dume angezikwa, Mogeni angezikwa, na bibi angeishi siku zake zilizobaki akijilaumu kwa majani ya mto. Kumi kwa kumi zingebaki palepale kwenye daftari. Alitamani ardhi impasukie. Haikupasuka.

"Msimpe hiyo!" alipiga kelele. "Nilidanganya! Si majani. Nilimpa kikombe kizima na nusu. Wote wawili. Chupa iko jikoni, nyuma ya debe la unga."

Daktari aliushusha mpira. Alikimbia jikoni mwenyewe, akatoka na chupa, akaiinamisha kwenye mwanga na kuona matone. Alipomtazama Nyanchama, msichana huyo alitamani kupigwa, kwa sababu pigo lingekuwa rahisi zaidi.

"Mara nne," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Umempa mara nne ya kipimo chake. Na mimi umenipotezea karibu saa nzima."

Alimwaga dawa aliyochanganya. Alivuta nyingine kwenye sindano, akaichoma shingoni mwa Mogeni. Akaamuru kila mtu afanye kazi: Phanice alete maji ya kumwagia ndama kichwani, Magokoro amshike asilale ubavu, Nyanchama afute povu kila mara lisizibe pua. "Asinyweshwe kitu chochote. Tutangoja. Sitawaahidi chochote."

Walingoja. Nyanchama alifuta povu mpaka mikono ikawa na ganzi. Mara mbili Mogeni aliinamisha kichwa kana kwamba amekata tamaa, na mara mbili Magokoro alimwita kwa jina. Bibi hakumwambia Nyanchama neno. Hakumfukuza wala hakumkemea, na ukimya huo ulimuumiza msichana kuliko kelele zozote ambazo mama yake angempigia.

Mnamo saa tisa, mtetemeko wa mabega ulipungua. Povu likawa mate ya kawaida. Saa kumi Mogeni alikojoa, akainua mkia, akanusa mkono wa bibi. Daktari Jasper alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akavuta pumzi yake mwenyewe.

"Ataishi," alisema. "Kama ningempa ile ya kwanza, asingeishi. Ni vizuri mjue hivyo."

Magokoro alianguka magoti, akalia kwa sauti kama mtoto. Phanice alilia pia. Lakini dume mwekundu alikuwa bado amelala zizini na nzi machoni.

Majirani wawili walishafika na visu, wakitarajia nyama. Daktari aliwakataza kabisa, maana mwili mzima ulikuwa na dawa. Ilibidi azikwe. Nyanchama alipewa jembe naye akachimba pamoja na wanaume wale, na hakuna aliyemwambia apumzike. Shimo la ndama ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Malengelenge yalimtoka, yakapasuka, akaendelea kuchimba.

Walipomaliza, daktari alimwita kando, akamkabidhi kijiti.

"Niandikie ulivyofanya."

Akaandika, mishale na yote.

"Hii ni njia ya kugawanya," daktari alisema. "Ulikuwa ukiuliza robo tatu ina nusu ngapi ndani yake. Kugawanya kwa nusu ni sawa na kuzidisha kwa mbili, ndiyo maana jibu likapanda. Sasa zidisha."

Aliandika: juu kwa juu, chini kwa chini. Tatu juu ya nane.

"Geuza. Robo tatu ya nusu."

"Ni ileile, daktari. Tatu juu ya nane."

"Ileile. Ukizidisha, hata ukianza na huyu au yule, jibu halibadiliki. Kwa hivyo unaweza kujipima mwenyewe kwa njia mbili. Na kama badala ya nusu ningesema robo tatu mara moja?"

"Moja haibadilishi kitu. Ingebaki robo tatu."

"Na sufuri?"

"Hakuna dawa."

"Basi nusu iko kati ya sufuri na moja. Jibu lako lingekaa wapi?"

Nyanchama alifikiri, na safari hii alingoja jibu la kwake mwenyewe. "Kati ya hakuna na robo tatu. Lisingeweza kuipita robo tatu."

"Umeona? Hukuhitaji hata kalamu. Ungejiuliza tu swali hilo moja." Daktari alivaa kofia yake ya pikipiki. "Mimi hesabu hii naifanya mara kumi kwa siku. Hakuna siku nimeona haya kuirudia."

Magokoro alikuwa anamfungua Mogeni aende naye nyumbani. Nyanchama alimfuata, akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, Magokoro."

Bibi alimaliza kufungua kamba. "Kukosea hesabu, hilo nimekusamehe," alisema. "Hata mimi ningekosea. Lakini nilikuuliza kama ni nyingi. Na baadaye uliniacha nilie nikijiita muuaji, wewe ukiwa umesimama hapo unajua. Hilo halijatoka moyoni bado. Likitoka nitakuambia." Akavuta kamba, akaenda zake polepole, ndama akimfuata kwa miguu isiyo imara.

Jumatatu, Nyanchama alifika shuleni mapema. Hakwenda nyuma ya darasa. Alikwenda kwa Mwalimu Osoro, akaweka daftari mezani, akamweleza yote tangu muhula wa kwanza mpaka shimo la Jumamosi. Mwalimu alisikiliza, kalamu nyekundu ikiwa mkononi. Kisha alifungua ukurasa baada ya ukurasa, akazikata zile kumi moja moja. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu zilikuwa nyingi. Ladan naye aliitwa, akaonywa kwamba kumpa mwenzake daftari si kumsaidia. Walipotoka nje, marafiki hao hawakuangaliana mpaka saa ya chakula, ndipo Ladan aliposogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.

"Keti," alisema. "Tuanze na za kuzidisha."

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na jaribio la hesabu. Nyanchama alilifanya peke yake, akitoka jasho. Jioni Phanice alilifungua daftari kama zamani. Aliuwekea kidole wino mwekundu.

"Ni nne," alisema. "Nne kwa kumi."

"Ndiyo, mama."

"Hizi ni zako?"

"Ni zangu zote."

Phanice aliketi kwenye kigoda, akaliweka daftari magotini. Tangu Jumamosi hakuwa amezungumza na binti yake ila kwa kumtuma.

"Sikiliza," alisema. "Mimi sikusoma, na Magokoro hakusoma. Mtu wa namna yetu akikuuliza kitu, hana njia ya kukuhakiki. Anakunywa unachompa, na mnyama wake anakunywa unachompa. Kwa hivyo ukidanganya darasani, usifikiri unamdanganya mwalimu. Mwalimu anajua hesabu tayari. Unatudanganya sisi. Usilolijua, sema hujui, tutatafuta anayejua. Nilikuwa nikitembea sokoni na alama kumi ambazo hazikuwepo. Hizi nne zipo. Kesho nitawaambia wenzangu ni nne."

Nyanchama alifikiria soko zima la Keumbu likisikia, akafumba macho. Kisha akayafumbua.

"Waambie, mama," alisema.